Fleksi, vibango vya nguzo au bafta: tutundike nini mtaani sikukuu hii?

Kila Mfunguo Sita, mwezi wa Maulidi, ukianza kunukia grupu letu la mtaa hapa Unguja halilali. Mmoja anasema tupige fleksi kubwa, lile bango la plastiki la kuprinti, ivuke njia kama mwaka ule, wa pili anasema fleksi uchafu mtupu tushone bafta, kitambaa cha pamba, wa tatu ni kijana kasomea mambo ya dizaini na yeye anataka vile vibango virefu vya kwenye nguzo za taa alivoviona YouTube kwenye miji ya Marekani. Mie ndo katibu wa kamati kwa hiyo maneno yote hunishukia mie, na kwa vile vyote vitatu tumeshavijaribu kwa nyakati tafauti, kwenye Maulidi, Idd na khitma ya watoto wa madrasa, naandika mara moja ili nisirudie kujibu, na mwenye kamati yake mtaa mwengine naye achukue linalomfaa.

Nisikufiche, mie ni mtu wa bafta. Lakini si kila mahali, na kuna pahala nikikuona unatundika bafta ntakwambia umekosea, ntafika huko.

Tuanze na fleksi manake ndo kila mtu anaikimbilia. Sababu naijua: unakwenda duka la kuprinti asubuhi na flashi yako, jioni unatoka nalo bango mgongoni, rangi zinang'ara, picha ya msikiti imo, majina ya wadhamini yamo. Bei inapigwa kwa mita mraba, kwa hiyo bango la mita 6 kwa 1 na la mita 3 kwa 2 ni bei moja, na hapo watu wengi hawajiulizi, wanachukua lile refu kwa sababu linavuka njia. Sie tulichukua lile refu. Ilikuwa msimu wa kaskazi, ule upepo wa kaskazini, tukafunga upande mmoja kwenye dirisha la ghorofa ya pili na upande wa pili kwenye mnazi, vijana wakakaza kamba mpaka bango likawa kama ngozi ya ngoma, tukapiga picha, tukaenda zetu kula.

Usiku ule hakulala mtu. Kama hujapata kulala chini ya fleksi ya mita 6 inayopigwa na kaskazi basi hujui, ni pa! pa! pa! mpaka alfajiri, mama mmoja wa ghorofa ya pili alinipigia saa tisa usiku akaniuliza, "Mwanangu, hili bango lenu la sikukuu au la kututoa roho?" Siku ya pili mnazi ukawa umeyumba vya kutosha, kamba ikalegea, bango likashuka tumbo katikati ya njia, na kwenye saa nne ikapita lori ya matofali. Dereva wala hakujua. Bango likaondoka na lori mpaka kwenye kona, watoto wanalifukuza nyuma wanapiga makelele utafikiri linakwenda harusini, na sie tumebaki na vipande viwili vya kamba.

Baadae ami yangu, ambae kaendesha majahazi miaka kabla ya magoti kumkataa, akanicheka. Akasema, "Nyie mmetundika tanga alafu mkalifunga lisiende popote, mlitaka lifanye nini?" Na hesabu ziko upande wake. Fleksi ya kawaida ina uzito wa gramu 440 kwa mita mraba, yaani bango lote la mita 6 halifiki kilo 3, ndo mana ukilibeba unaona jepesi. Lakini upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao kwetu si tufani bali ni mchana wa kawaida wa kaskazi, unasukuma kiasi cha kilo 7 kwa kila mita mraba ikiwa bango limeukabili. Zidisha kwa 6, unapata kilo 40 na ushei. Na upepo ukienda mara mbili ya hapo nguvu haiwi mara mbili, inakuwa mara nne, kwa hiyo ile dharuba moja ya ghafla kabla ya mvua inakuletea kilo 160 kwenye dirisha la mtu. Na kamba iliyonyooshwa sawasawa toka upande hadi upande hubeba zaidi ya hapo, kwa sababu kadri unavyoikaza ndivyo inavyovuta kwa pembeni. Ami anataka kamba iwe na mshuko kidogo na bango lifungwe juu na chini, lisiachwe likining'inia juu tu. Hili la chini watu hulisahau sana.

Kuna wanaopasua vitundu vya nusu mwezi kwenye fleksi ati upepo upite. Usifanye. Upepo unaopita hapo ni mdogo mno, na kila ulipopasua ndo patapoanza kuchanika. Kama lazima livuke njia basi ulizia fleksi ya wavu, ile ina vitundu vidogo vidogo mwili mzima, upepo unapita kweli. Ubaya wake ni kuwa picha hufifia na usiku ukimulika taa kwa nyuma huoni maneno, unaona taa.

Sasa je fleksi haifai kabisa? Inafaa, tena sana, ukiibandika bapa. Kwenye ukuta wa skuli, kwenye uzio wa kiwanja, kwenye fremu ya mbao mbele ya msikiti, hapo upepo haupiti nyuma na bango litakaa hadi rangi zichoke. Nyekundu na manjano ndo za mwanzo kukimbia juani, buluu na nyeusi zinabaki, ndo mana mabango ya zamani yote hugeuka rangi ya samaki aliyeoza.

Lakini kama uko Mji Mkongwe usiguse ukuta na msumari. Zile kuta ni mawe na chokaa, ukipigilia msumari mmoja unatoa bonge la plasta, na mji wenyewe umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO toka 2000 na una mamlaka yake ya hifadhi, kwa hiyo hata hilo bango linaulizwa kabla. Na hakuna haja, vichochoro vya mule nyumba zinatazamana, unafunga kamba toka baraza hii mpaka nondo za dirisha lile, na upepo humo hauna nguvu ya njia kuu.

Na vichochoroni ndo bafta inapoishinda fleksi bila ya ubishi. Mtu anapita kwa miguu, yuko mita 5 kutoka kwenye maneno, hana haja ya picha kubwa, anataka kitu kizuri juu ya kichwa chake.

La kwetu lilishonwa na bi mkubwa mmoja hapa mtaani, fundi cherehani. Tulinunua bafta nyeupe, yeye akatoa kanga kuukuu mbili na akakata herufi kutoka kwenye pindo, manake pindo ndo lina rangi iliyokolea na lina nakshi zake, kila herufi sentimita 25 kwenda juu. Nilikaa nae siku moja nikamtizama. Kwanza alizikata kwa gazeti, akazipanga chini kwenye mkeka, akasogea nyuma mpaka mlangoni akafumba jicho moja. Akarudi akaisogeza "L" upande wa kulia upana wa kidole. Akatoka tena. Nikamwambia mbona iko sawa, akanijibu "iko sawa kwako weye ulokaa juu yake". Juu na chini akashona mkunjo mpana kama mfereji ili upite ufito, kwa hiyo bango halifungwi kwa vitundu vya pembeni, linavaa ufito mzima na uzito unagawika. Hiyo peke yake imetuokoa, kwa sababu kwenye fleksi kila siku kilichochomoka kilikuwa kile kitundu cha chuma cha kwenye pembe.

Lile bango sasa lina Maulidi 4. Limefuliwa mara mbili. Limepauka lakini lina haiba, na watoto wanalijua, likitoka kwenye sanduku wanajua siku imekaribia.

Aibu zake nazo nizitaje. Lilichukua wiki mbili, na bi mkubwa hakutaka pesa lakini kamati yenye haya inampa kitu. Likirowa linakuwa zito na linaning'inia kama nguo ya mvuvi. Kanga nyengine hutoa rangi, loweka kwanza kwenye maji kabla hujakata, sie tulijua tumeshachelewa, "M" ya mwanzo ina machozi mekundu mpaka leo. Na gari haikusomi. Mafundi wa mabango wana kanuni yao kuwa kila mita 3 za umbali herufi iwe na sentimita 2 na nusu, kwa hiyo herufi zetu za 25 zinasomeka vizuri kutoka mita 30. Gari ya kilomita 40 kwa saa inakula mita 11 kwa sekunde. Dereva ana sekunde 2 na ushei, kwa mwendo huo atasoma neno MAULIDI basi, mengine yote mliyoyaandika mmejiandikia wenyewe. Ndo hapo niliposema ukitundika bafta kwenye njia kuu ya kwenda uwanja wa ndege umekosea.

Usitake kupaka rangi ya mafuta kwenye bafta ukadhani umepata njia ya mkato. Ukilikunja inakatika katika kama udongo mkavu. Rangi ya maji iliyolainishwa, au umpe mchoraji anaejua kitambaa.

(Kuna wazee bado wanaita kitambaa kama hichi "marekani", lile jora la pamba lisilopaushwa lililokuwa likija Unguja na merikebu za Salem, Massachusetts, karne ya 19, na sasa kijana wetu ananiletea mabango ya Marekani kwa simu, basi nchi ile haituachi.)

Haya, vibango vya nguzo. Mpango wa wenzetu kule Marekani, kwa nnavyouelewa, uko hivi: mji wenyewe ndo una nguzo na ndo una vile vyuma vya kushikilia, kimoja juu kimoja chini. Jumuiya yenye sherehe inaomba, inaleta vibango kwa kipimo walichotaka wao, kiasi cha sentimita 60 au 75 kwa 150, inalipia kazi ya kufunga, na mafundi wa mji wanapanda kufunga na kushusha kwa tarehe. Matangazo ya biashara hawataki, jina la mdhamini linakaa kamstari kadogo chini. Na bango la kuvuka njia huwa mita 5 au zaidi toka kwenye lami, kwa hiyo lori yetu ya matofali ingepita salama.

Kitu kizuri hichi, sikatai. Kila kibango ni kidogo, upepo unakamata kidogo, na vile vyuma vizuri hupinda kidogo upepo ukija alafu vinarudi. Badala ya kelele moja kubwa unapata mlolongo, ukiendesha gari kimoja kinakukabidhi kwa kingine. Kwa njia pana kama zile zinazokutana Michenzani kwenye mnara, ambapo majumba yamekaa mbali na njia na huna pa kufunga kamba, hakuna kinachopendeza kuliko hivo, na kwenye Mapinduzi ya 12 Januari ukipita utaona mwenyewe nguzo zilivovaa bendera.

Lakini piga hesabu na mie. Kibango cha sentimita 60 kwa 150 ni chini kidogo ya mita mraba moja. Ukitaka 8 ni kama mita mraba 7, bei karibu sawa na fleksi yetu ya kuvuka njia. Sawa? Si sawa, kwa sababu kibango cha nguzo kinaonekana pande mbili, lazima uprinti mbele na nyuma, umefika 14. Alafu vyuma, viwili kwa kila nguzo, 16, na vyuma hivo mtaani kwetu hakuna, inabidi mchomeaji akutengenezee. Alafu ngazi ndefu au gari yenye kikapu. Na nguzo si zako! Nguzo za umeme usizisogelee, wacha mchezo, kuna waya juu na mtoto wa mtu ndo anapanda. Za taa za barabarani zina mwenyewe. Sie tulivijaribu mara moja kwa khitma, vibango 4 tu, tukavifunga kwenye nguzo za mbao tulizochimbia wenyewe mbele ya madrasa kwa zile klipu za plastiki za mafundi umeme, vikapendeza wiki nzima. Kwa hiyo inawezekana, ila ni kwenye kiwanja chenu wenyewe. Kwa njia nzima ni kazi ya manispaa, si ya kamati yenye daftari la michango ya elfu mbili mbili.

Ruhusa basi, manake nimeshaigusa. Anza kwa sheha, kiongozi wa shehia yenu, siku zote, hata kama ni kitambaa cha mita 2, akijua yeye mengi yanalainika. Likivuka njia ya gari au likigusa nguzo ni barua kwa baraza, na ujue uko wapi kwanza kwa sababu mjini hapa kuna Manispaa ya Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na watu wa mpakani hupeleka barua pasipo. Pemba ni mabaraza ya miji, Chake, Wete na Mkoani. Kwenye barua andika tarehe ya kulishusha. Ofisi yoyote ile inapenda kuona tarehe ya kulishusha.

Na tarehe ndo kisa chengine. Binamu yangu yuko Wete, kamati yao ya Idd waliagiza fleksi Unguja ikaja na boti, bango zuri, limeandikwa IDD MOSI na jina la siku. Mwezi ukaandama siku moja kabla. Watu wameshavaa kanzu, bango linawaambia kesho! Wakabandika karatasi juu ya jina la siku, usiku karatasi ikapeperuka, na fleksi yenyewe kwa vile ilikunjwa kwenye boti badala ya kuviringishwa ilikuwa na makovu meupe mwili mzima. Sasa kama uko Pemba na unaprinti Unguja kumbuka huna nafasi ya kurekebisha, herufi moja ikikosewa imekosewa. Mwambie akutumie picha ya mwisho kwa simu, mpe mtu asiyehusika aisome kwa sauti, alafu aviringishe na picha iwe kwa nje.

Sherehe zetu nyingi zinafuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 11 hivi. Maulidi ya 2025 yalikuwa mwezi wa tisa, ya 2028 yatakuwa mwezi wa nane. Fleksi yenye tarehe inakufa siku ya pili yake. Na ukishalitumia utalipeleka wapi, Zanzibar imepiga marufuku mifuko ya plastiki toka 2006 alafu sie tunaleta plastiki ya mita 6 kwa siku moja. Kulichoma usilichome, moshi wa ile PVC una tindikali, unakata kifua. Nimeona watu wanaezekea banda la kuku, hilo sawa. Kuanikia karafuu hapana, plastiki haivuti maji kama jamvi, karafuu zinatoa jasho chini na zinaharibika.

Vibendera vya kamba vya karatasi na makuti ya kuchana kwenye mlango wa mtaa sijavilinganisha kwa sababu havina mshindani. Weka. Ni vya watoto, havina gharama, na makuti yakikauka unawashia moto.

Kwa hiyo ukiniuliza leo. Mtaa wa ndani, sherehe inarudi kila mwaka: bafta yenye jina la sherehe na jina la mtaa tu, hamna mwaka, hamna siku, na pembeni yake kipande cha fleksi cha mita 1 kwenye fremu ya mbao kwa ajili ya siku, saa na mgeni rasmi, hicho kikifa kimekufa kidogo. Njia kuu au kiwanja: fleksi, lakini bapa kwenye uzio, maneno yasizidi 5. Jambo la mara moja na haliji tena, mfano kufungua skuli, fleksi tu, msimsumbue fundi cherehani. Ufukweni au kusini kwenye Mwaka Kogwa, ile sherehe ya mwaka mpya wa jadi, mwezi wa saba, upepo wa kusi ukiwa umekaza, usivushe kitu chochote kwenye kamba, labda fleksi ya wavu, na liwe mbali na kile kibanda cha makuti kinachochomwa moto. Vibango vya nguzo, siku manispaa ikileta vyuma mie wa kwanza kuomba.

Kijana wa dizaini kakubali nusu. Anachora herufi mpya, bi mkubwa atazikata, na "M" yenye machozi inabaki kwa sababu watoto wamekataa itolewe. Kilichobaki ni mtu wa kupanda kulitoa baada ya sikukuu, kwenye grupu wameniandikia "katibu" na vidole gumba 14, na ngazi ya kuazima ina mashariti kuwa irudi kabla ya laasiri.